Lebo Inasema Hivi, Ua Linasema Vile

Sisi waandishi wa habari tunajua hatari ya picha yenye jina lisilo lake. Sura inaweza kuwa nzuri ajabu, lakini jina likikosewa, umemwandika mtu mwingine. Ndiyo maana nilipokutana na historia ya mmea mdogo uitwao Pinguicula, sikuiacha. Ni historia ya majina yaliyobandikwa pasipo pake, na ya ua lililoitwa kutoa ushahidi.

Pinguicula hula wadudu. Jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mafuta, kwani majani yake hung'aa kama yamepakwa samli. Mng'ao huo ni ulimbo. Kijidudu kikitua kinanasa, na jani linakimeng'enya palepale. Charles Darwin aliyachunguza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu.

Sasa, majani hayohayo ndiyo yanayotupoteza. Spishi nyingi za Meksiko hubadili mavazi kwa msimu. Wakati wa mvua huwa na majani mapana yenye ulimbo, na wakati wa ukame huvaa majani madogo, manene, yasiyonasa kitu. Ukiuona mmea mmoja katika misimu hiyo miwili, unaweza kuapa ni mimea miwili. Halafu jani moja tu likichomolewa na kulazwa kwenye udongo wenye unyevu, huchipua mmea mpya. Jirani humgawia jirani, na jina la kwenye lebo husafiri nalo, liwe kweli au uongo. Kosa moja huzaa ukoo mzima.

Kwa hiyo wajuzi husubiri ua. Hata Linnaeus, alipoipanga mimea mwaka 1753, aliipa Pinguicula nafasi yake kwa kuhesabu viungo vya uzazi ndani ya ua: viwili vya kiume, kimoja cha kike. Ua hilo lina ncha tano, mbili juu na tatu chini, na nyuma yake kuna mkia. Tazama urefu wa mkia, rangi, na alama zilizo karibu na koo. Chukua 'Weser' na 'Sethos', machotara wawili wa wazazi walewale, ambao watu huwachanganya kila siku. Majani yao hayatakusaidia sana. Lakini ua la 'Weser' lina mishipa inayoonekana wazi, na la 'Sethos' lina nyota nyeupe katikati.

Hata hivyo, ua nalo limewahi kuwachanganya wasomi. Humboldt na Bonpland waliokota mmea Meksiko mwanzoni mwa karne ya 19, na mwaka 1817 Kunth akauita Pinguicula moranensis, kutokana na mahali paitwapo Morán. Mwaka 1832 Schlechtendal akaleta P. caudata, yaani yenye mkia. Mwaka 1881 ikaja P. bakeriana, na 1911 P. rosei. Leo yote hayo huhesabiwa kuwa mmea mmoja, ambao maua yake hutofautiana sana kutoka mlima hadi mlima. Kumbe kosa si kubandika jina la mwingine tu. Hata kumpa mtu mmoja majina manne ni kosa.

Lakini kuna kitu ambacho ua haliwezi kukirudisha: mahali mmea ulipotoka. Baadhi ya spishi huota kwenye eneo dogo mno. P. gypsicola, kwa mfano, hukaa kwenye miamba ya jasi huko San Luis Potosí. Lebo ikipotea, ua likichanua litakwambia huyu ni nani. Halitakwambia ni wa mwamba upi. Na siku mwamba ule ukichimbwa ukaisha, hakuna atakayejua kama kopo lile la dirishani ndilo lililobeba kizazi chake cha mwisho.