Jinsi ya kuondoa marekebisho ya kienyeji kwenye pikipiki kuukuu

PIKIPIKI zilianza kufurika katika barabara za Kenya baada ya mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa ziada wa thamani kwa zile zenye injini ya chini ya cc 250. Nyingi ambazo zimenunuliwa tangu wakati huo zimepitia mikononi mwa wamiliki kadhaa, na kila mmoja ameongeza chake: keria ndefu ya vyuma, springi za ziada, taa za rangi, honi ya lori au bomba la moshi lililotobolewa.

Anayenunua pikipiki ya aina hiyo kwa akiba yake hurithi pia kazi za mafundi asiowajua. Aghalabu hamu yake huwa ni kuondoa vyote kwa siku moja ili chombo kirudi kilivyotoka kiwandani.

Hapo ndipo penye hatari. Marekebisho mengi ya kienyeji hayakufanywa kwa ajili ya urembo tu, bali yalifanywa ili kuficha au kufidia hitilafu fulani. Anayeyaondoa bila kuitafuta hitilafu hiyo huenda akaiacha pikipiki ikiwa mbovu kuliko alivyoipata. Kwa hivyo, mbele ya kila kifaa cha ziada, swali la kwanza ni kwa nini kiliwekwa.

KABLA YA KUFUNGUA

Pikipiki ioshwe vizuri, kwani matope na grisi huficha nyufa na viungo vya nyaya. Nambari za chasisi na injini zilinganishwe na zile zilizo kwenye kitabu cha umiliki kabla ya senti yoyote kutumika.

Baada ya hapo, picha zipigwe kwa simu kutoka kila upande. Iwapo kuna pikipiki nyingine ya muundo huo huo ambayo haijaguswa, ndiyo kielelezo bora cha kuonyesha mahali pa kila kebo na kila bolti.

Si kila kilichoongezwa kinastahili kuondolewa. Keria imara iliyofungwa kwa bolti, au vyuma vya kukinga miguu ambavyo havizuii usukani kugeuka, vinaweza kubaki. Vinavyopaswa kutangulia kuondoka ni vile vinavyogusa breki, umeme, usukani na fremu.

Kazi yenyewe ifanywe hatua kwa hatua. Kifaa kimoja kiondolewe, pikipiki ijaribiwe, ndipo kingine kifuate. Kwa njia hiyo hitilafu ikijitokeza itajulikana imetokana na nini.

UMEME

Kazi ya umeme huanza kwa kufungua waya hasi wa betri, na waya huo huo ndio unaorudishwa mwisho. Sababu ni kwamba fremu yenyewe imeunganishwa na upande hasi. Spana ikigusa upande chanya na fremu kwa wakati mmoja hutoa cheche kali.

Jambo la kuchunguzwa mapema ni fyuzi. Mara nyingi fyuzi iliyoungua huwa imebadilishwa kwa kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara. Hapo umeme ukizidi hakuna kinachoukata, na nyaya zenyewe ndizo huungua, wakati mwingine chini ya tangi la petroli. Fyuzi mpya iwe ya kiwango kilichoonyeshwa na mtengenezaji. Ikiungua tena, kuna waya unaogusa fremu mahali fulani, na ni sharti utafutwe.

Nyaya za kiwandani huwa na rangi maalumu na hupita pamoja ndani ya mfuko mmoja. Zilizoongezwa hutambulika kwa kuwa na rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, au kwa kufungwa kwa utepe juu ya viungo. Kila mmoja ufuatwe kutoka kwenye taa au honi hadi unakochukua umeme, kisha uondolewe wote. Kuukata katikati huacha ncha yenye umeme ikining'inia.

Pale ambapo waya wa kiwandani ulichunwa, kiungo kichomelewe kwa risasi na kufunikwa kwa mpira. Utepe peke yake hulegea kwa joto na kuingiza maji.

BOMBA LA MOSHI NA HEWA

Wapo wanaotoboa bomba la moshi wakiamini kuwa kelele ni nguvu. Wengine huondoa kichujio cha hewa, kisha hubadilisha jeti ya kabureta ili injini isikate. Anayerudisha bomba zima pekee atashangaa kuona pikipiki ikila petroli na kutoa moshi mweusi, kwa kuwa jeti kubwa imebaki ndani.

Bomba, kichujio na jeti hurudishwa pamoja. Baadaye plagi ifunguliwe na kutazamwa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, petroli ni kidogo na injini inapata joto kupita kiasi. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili njema.

Moshi wa samawati ni jambo tofauti. Huonyesha kuwa mafuta ya injini yanaungua, na injini iliyotumika kwa muda mrefu bila kichujio katika barabara za vumbi huenda imelika pete na silinda. Hilo halitibiwi kwa kurekebisha kabureta.

KERIA, SPRINGI NA FREMU

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, huruhusu pikipiki ya magurudumu mawili kubeba abiria mmoja tu pamoja na dereva. Hata hivyo, viti huongezwa urefu na springi za nyuma huongezwa idadi ili kubeba watu watatu au magunia.

Kabla ya kuondoa springi za ziada, zile za awali zikaguliwe. Zikiwa zinavuja mafuta, zimekufa, na huenda ndizo zilizosababisha nyongeza hiyo. Mpya zinunuliwe mbili kwa pamoja.

Keria iliyochomelewa haipaswi kukatwa karibu na fremu. Msumeno au grainda ikate juu kidogo, na kipande kinachobaki kisawazishwe taratibu kwa tupa bila kupunguza unene wa bomba la fremu. Tangi la petroli litolewe na kuwekwa mbali, kwani mvuke wake hushika moto kwa cheche moja. Iwapo kutakuwa na kuchomelea, betri itolewe pia.

Rangi ikishakwanguliwa, mstari mwembamba wa kutu kando ya alama za moto unaweza kuwa ufa. Ufa ulio karibu na shingo ya usukani si wa kuzibwa barabarani, kwa kuwa shingo ikikatika dereva hana tena gurudumu la mbele la kuongoza. Fremu ya aina hiyo ipelekwe kwa fundi aliyebobea au ibadilishwe kisheria.

BREKI NA MAJARIBIO

Baadhi ya madereva hulegeza breki ya mbele wakihofia kuanguka. Ukweli ni kwamba uzito wa pikipiki huelekea mbele inapopunguza kasi, na kwenye lami kavu breki hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Kebo, viatu vya breki na kanyagio virejeshwe katika hali yao ya kawaida.

Majaribio ya mwanzo yafanyike uwanjani, kwa mwendo wa polepole na bila abiria. Usukani ugeuzwe kushoto na kulia injini ikiwa inanguruma. Kasi ya injini ikibadilika, kuna kebo inayovutwa.

Baada ya siku chache za kazi, bolti zote zilizoguswa zikazwe upya. Vifaa vilivyotolewa visitupwe hadi wakati huo, kwani alama za msuguano na moto zilizo juu yake zinaweza kumwonyesha fundi kilichokuwa kikisumbua.