Fundi Asiyetajwa: Kandambili za Kiwayu na Kazi za Majirani Zake

Kiwayu ni kisiwa chembamba, kirefu, kilicholala kaskazini-mashariki mwa Pate katika visiwa vya Lamu, na kina pwani mbili zisizofanana. Inayotazama bara ina mikoko na maji matulivu. Inayotazama mashariki haina kizuizi chochote mpaka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Pepo za kaskazi na kusi, ambazo kwa karne nyingi ziliviletea visiwa hivi biashara, siku hizi huleta pia plastiki, na katika plastiki hiyo kinachovuta jicho kabla ya vingine ni kandambili: nyekundu, buluu, kijani, zimepauka kwa chumvi na jua, nyingi zikiwa zimepoteza pacha wake baharini.

Mwaka 1997, Julie Church, mtaalamu wa bahari aliyekuwa katika kazi ya uhifadhi kwenye Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, aliwaona watoto wa Kiwayu wakijitengenezea vitu vya kuchezea kwa kandambili hizo. Akawahimiza mama zao waziokote, wazioshe, wazikate na wauze watakachotengeneza. Ndiyo asili ya kazi ambayo leo inajulikana ulimwenguni kwa jina la Ocean Sole, kampuni yenye karakana Nairobi, ambayo tembo, twiga na kasa wake wa rangirangi wanauzwa hadi Ulaya na Marekani. Kisa hiki kinavyosimuliwa kwa kawaida, watoto hawana majina, na mama zao hawana pia. Jambo hilo ndilo linalonishughulisha hapa. Sisemi kwamba wameibiwa, wala sipunguzi sifa ya aliyewafungulia mlango; bila yeye pengine vitu vile vingebaki kuwa michezo ya watoto tu. Nauliza swali jingine: fundi anapoigawa sanaa yake kwa watu, anabaki na nini mkononi?

Kazi yenyewe si nyepesi kama inavyodhaniwa. Kandambili iliyotoka baharini ina mchanga, ina mafuta ya meli, ina viumbe vidogo vilivyojishika chini yake. Huoshwa kwa sabuni, ikaanikwa, ikachaguliwa kwa rangi na kwa unene. Ya shanga hukatwa vipande vidogo, kila kimoja kikatobolewa katikati, na vipande vikatungwa kwenye uzi hadi vikawa mkufu au pazia la mlangoni. Ya mnyama hubandikwa kwa gundi, soli juu ya soli, mpaka lipatikane bonge nene kama gogo dogo. Ndipo kisu kikali kinapoingia, na msasa ukafuata. Uzuri wake umo katika tabaka: unapokata, rangi zilizofichika zinajitokeza kama mistari, na fundi hana budi kuziwaza kabla hajakata. Mwanamke wa Kitikuu, kabila la wenyeji wa Kiwayu, aliyekulia kwenye kusuka ukili, akipanga chane zilizotiwa rangi na zisizotiwa ili mkeka utoke na mapambo, haikuwa ajabu kwake kuwaza hivyo. Mikono ilikuwa na elimu tangu zamani, kilichobadilika ni mali ghafi.

Na katika visiwa hivi kazi ya viatu ni kongwe. Siyu, mwendo mfupi wa mashua kutoka Kiwayu, ulikuwa mji wa mafundi katika karne ya 18 na ya 19. Palitengenezwa makubadhi ya ngozi, viti vya enzi, milango ya nakshi, na misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi. Nikiviweka Siyu na Kiwayu pamoja naona jambo la kutafakari: kule ngozi ilifanywa sanaa ili ivaliwe, huku kilichokwisha kuvaliwa na kutupwa kinafanywa sanaa ili kitazamwe. Mmoja alimfanyia kazi mtu wa mji wake. Mwingine anamfanyia mgeni.

Hapo ndipo suala la jina linapoingia. Fundi wa zamani wa visiwa hivi mara nyingi hakuandika jina lake juu ya kazi. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari na kusafiri kwa tanga la mkeka, uliundwa na Watikuu wenyewe, ukachorwa macho kwenye omo, na hatujui ni nani aliyeyachora. Wala fundi huyo hakuhitaji saini. Mwenye chombo alimjua aliyemuundia, jirani alimjua, na mtoto aliyekuwa akishika kamba alimjua. Jina lilikaa vinywani mwa watu, na huko lilikuwa salama kuliko kwenye ubao.

Lakini watu hao hao walikuwa na desturi nyingine kwa kazi zilizosafiri. Mtunzi wa utenzi alijitaja mwishoni, akataja na mwaka. Chuo cha Herekali, utenzi uliotungwa Pate mwaka 1728, unamtaja mwishoni mtunzi wake, Mwengo wa Athumani. Utenzi ulinakiliwa, ukavuka bahari, ukasomwa na watu wasiojua Pate iko wapi. Jina lilifungwa ndani ya beti ili lisidondoke njiani. Nadhani wazee wetu waliijua tofauti hiyo vizuri. Kitu kinachobaki mjini kinatajwa kwa mdomo. Kitu kinachoondoka huondoka na jina lake.

Kandambili za Kiwayu zimeondoka, na hazikuandikwa kitu.

Wakamba wanatupa mfano wa kuwatazama kwa makini, kwa sababu mkono wao umo ndani ya kisa cha Kiwayu. Kwa masimulizi yao, uchongaji wa vinyago vya kuuza uliletwa Wamunyu na Mutisya Munge, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akajifunza kwa Wazaramo, akarudi na ujuzi. Kutoka kwa mtu mmoja na nyumba yake kazi ilienea kijijini, ikafika Nairobi, ikafika Mombasa, ambako Changamwe kuna ushirika wa wachongaji tangu miaka ya 1960. Mutisya aligawa alichokuwa nacho na jina lake halikupotea: Mkamba anayechonga swala leo anaweza kukuambia kazi ilianzia wapi na kwa nani. Lakini swala mwenyewe hana saini. Maelfu ya swala wanaofanana wameuzwa barabarani, bei ikishuka kila mwaka, kwa kuwa hakuna anayejua huyu ni wa nani na yule ni wa nani. Miti nayo ikapungua, mpingo na muhugu vikawa adimu. Ndipo baadhi ya wachongaji wa mbao walipohamia kwenye kandambili katika karakana za Nairobi. Ndiyo maana sanamu tunazoziona zina umbo la twiga na simba wa Kikamba. Mali ghafi ilitoka kwa Watikuu, umbo likatoka Ukambani, na mnunuzi anaambiwa ni sanaa ya bahari. Ni mchanganyiko mzuri, kwa maoni yangu, na mafundi wale wanastahili riziki yao. Lakini ningependa siku moja kuona kandambili zilizochongwa kwa nakshi za milango ya Siyu, au jicho la mtepe lililokatwa kwa soli nyeupe na nyeusi. Umbo hilo lipo, halijaitwa tu.

Tingatinga ndiye anayenifundisha zaidi. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani na mtunza bustani. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora: vipande vya ubao wa kuezekea dari, kiasi cha sentimita 60 kwa 60, na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli. Hakuwa na shule ya sanaa. Alipaka rangi moja ya nyuma, akaacha ikauke, kisha akaweka mnyama mmoja au ndege katikati, na nukta nyingi juu yake. Picha ziliuzwa penye duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, na mkewe ndiye aliyekuwa akiziuza. Aliwaita ndugu na jamaa kutoka kwao wajifunze. Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, January Linda na wengine walikaa naye, wakatazama mkono wake, wakaiga, halafu wakaacha kuiga. Mwaka 1972 askari polisi waliokuwa wakifukuza wezi walimpiga risasi, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Kwa hesabu ya kawaida, mtu aliyechora miaka minne na kufundisha jamaa wachache angesahauliwa. Badala yake jina lake likawa jina la mtindo mzima, na mwaka 1990 wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wakaunda ushirika ambao ungali Oyster Bay. Ndani ya nyumba moja wamejaa wachoraji, wengine wakichora chui yuleyule kwa namna ileile, lakini chini kwenye kona kila mmoja anaandika jina lake. Tingatinga mwenyewe alisaini, nao wakarithi hilo pamoja na rangi. Malalamiko hayakosekani: picha zinaigwa, zinauzwa Zanzibar na Nairobi na watu wasiowahi kukaa Oyster Bay. Hata hivyo mnunuzi mwenye macho anaweza kumfuata mchoraji mmoja kutoka picha hadi picha, akamtafuta, akamlipa zaidi kwa sababu ni yeye. Mchoraji mwenye jina anaweza kuzeeka na kazi yake ikamtunza. Asiye na jina analipwa kwa kipande, na siku mkono ukichoka malipo yanakoma.

Kuna watakaosema kwamba kutojitaja ndiko unyenyekevu wa kweli wa fundi. Hoja hiyo ina wenyewe, na mkubwa wao ni Mjapani Yanagi Sōetsu, aliyefungua makumbusho ya sanaa za watu Tokyo mwaka 1936. Aliamini kwamba bakuli zuri kuliko yote ni la fundi asiyejulikana, aliyelitengeneza kwa matumizi bila kujitafutia sifa. Naiheshimu hoja hiyo kwa mtepe na kwa mkeka wa kulalia. Lakini tazama: Yanagi anajulikana, Hamada Shōji aliyefinyanga bila kusaini anajulikana, na wale mafundi wa vijijini waliosifiwa hawajulikani. Sifa za kutojulikana zilimwendea anayejulikana. Kwa fundi maskini anayemuuzia mtu wa mbali, unyenyekevu wa namna hiyo ni gharama anayotozwa peke yake.

Kiwayu ililipa gharama hiyo mwaka 2011. Septemba mwaka huo watu wenye silaha walivamia hoteli ya kitalii iliyokuwa bara, mkabala na kisiwa. Mgeni mmoja Mwingereza aliuawa na mkewe akatekwa hadi Somalia. Oktoba jeshi la Kenya likavuka mpaka. Wageni wakakoma kuja, na pwani yote kutoka Kiwayu hadi Kiunga ikawa mahali pa kutahadharishwa. Karakana ya Nairobi iliendelea, kwa kuwa jina la kampuni lilikuwa na wateja duniani. Mama wa Kiwayu aliyekuwa akimuuzia mkufu mgeni anayeshuka mashuani hakuwa na pa kuandikiwa barua. Hakuna mteja wa ng'ambo ambaye angeweza kuuliza kama yu salama, au kuagiza pazia jingine kutoka kwake, kwa maana hakuna mteja aliyejua anaitwa nani.

Linganisha na kilichotokea Lamu miaka michache baadaye. Ali Skanda, fundi wa majahazi, alishika plastiki iliyookotwa pwani, ikayeyushwa ikafanywa mbao, naye akaichonga kwa ujuzi uleule wa kuchonga mti. Chombo cha mita 9, kilichokula tani 10 za plastiki na kuvikwa kandambili zipatazo 30,000, kilishushwa majini mwaka 2018 kwa jina la Flipflopi, na mwaka uliofuata kikasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Humo umo mtaji wa kigeni, umo uhifadhi, yamo yote yaliyokuwamo Kiwayu. Lakini umbo ni la kwetu, na popote chombo kinapotajwa Skanda anatajwa. Sitaki kusema kwamba ni kwa sababu yeye ni mwanamume na wale ni wanawake, ingawa siwezi kulitupa wazo hilo kirahisi. Ufundi wa jahazi una cheo mjini, na wa kutunga shanga umehesabiwa kuwa kazi ya mikono ya jioni.

Wapo watakaoniambia kwamba wanawake wa Kitikuu wenyewe hawataki majina yao yazagae sokoni, kwamba stara ni jambo kubwa kwao kuliko saini. Inawezekana, na wao ndio wa kuulizwa. Ila Mwana Kupona binti Msham aliishi katika visiwa hivi hivi, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, na mwaka 1858 alimtungia binti yake utenzi wa mambo ya ndani kabisa ya nyumba. Utenzi huo unasomwa leo katika vyuo vikuu vya mabara yote kwa jina lake, na sijasikia mtu yeyote wa Lamu akisema kwamba umemvunjia heshima. Anayeona haya kujitaja anaweza kutumia jina la mtoto wake, mama wa fulani wa Kiwayu, kama anavyoitwa mtaani kila siku. Au achague alama moja ya mkeka aliyorithi kwa nyanyake, aikate kwenye kila kazi. Soli ya kandambili inapokea ncha ya kisu vizuri, na wino usiofutika hushika juu yake.