Orijino ya Nani?

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally wakiwa na Datsun 240Z. Shekhar Mehta akashika nafasi ya pili, naye kwenye 240Z. Miaka miwili baadaye Mehta akashinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström hadi ikabidi kanuni ya sare iamue. Wazazi wetu wengi wakilikumbuka gari hilo wanakumbuka boneti refu lililojaa matope. Mimi nimevutwa na kilicho chini ya boneti, kwa sababu pale kuna ubishi uliodumu zaidi ya miaka 50.

Ubishi ni wa kabureta. 240Z ilitoka kiwandani Japani na injini ya silinda 6 yenye cc 2,393, ikilishwa petroli na kabureta mbili za Hitachi. Wapenda mwendo huzing'oa na kufunga tatu za Weber kutoka Italia. Upande mmoja unasema gari limeharibiwa, si orijino tena. Upande wa pili unasema sasa ndiyo limeanza kupumua.

Tuanze na hao wa orijino. Hitachi zile zimejengwa kwa mfumo wa SU, na SU ni Waingereza: ndugu wawili wa ukoo wa Skinner, waliofungua kampuni yao London mwaka 1910. Ukoo huo ulijulikana kwa biashara ya viatu, na kabureta zao za mwanzo zilikuwa na mvukuto wa ngozi, kama wa mhunzi. Baadaye ngozi ikaondolewa, ikaja pistoni ya chuma inayopanda na kushuka kufuatana na hewa ambayo injini inavuta. Chini ya pistoni kuna sindano iliyochongoka. Ikipanda, petroli nyingi zaidi inapita. Basi, hiyo ndiyo kazi yote. Kwa hiyo anayeapa kwamba Hitachi ni Ujapani halisi anatetea wazo lililozaliwa Uingereza, kwa watu wa viatu.

Na hao wa Weber? Edoardo Weber alianza kazi Bologna mwaka 1923, na kabureta zake aina ya DCOE zilifungwa kiwandani kwenye magari kama Lotus Cortina. Huko hakuna anayeziita za kuongezea. Zaidi ya hapo, Nissan yenyewe iliuza Japani ndugu wa 240Z aitwaye Fairlady Z432, na huyo alitoka kiwandani na kabureta tatu za Mikuni zilizolala ubavu, zilizotengenezwa kwa leseni ya Solex ya Ufaransa. Yaani kabureta tatu, jambo ambalo walinzi wa orijino wanaliona ni uhuni wa gereji, kiwanda kilishalifanya.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Marekani. Sheria za moshi zilipokazwa, 240Z za 1973 zilipelekwa huko na Hitachi mpya zenye kichwa bapa, tofauti na zile za mwanzo zenye kichwa cha duara. Zilikuwa na mabomba na vifaa vingi vya kupunguza moshi, na zikapata sifa mbaya: gari likipata joto, petroli inachemka, injini inakohoa. Wenye magari walifanya nini? Wengi walitafuta zile za duara za 1970 hadi 1972 wakazirudisha. Spea ya kuboresha gari ikawa ni spea ya zamani ya kiwanda kilekile. Sasa katika magari hayo mawili, lipi ni orijino?

Ndiyo maana naona neno hilo halitusaidii kuchagua. Linalosaidia ni kuuliza gari litaishi wapi na nani atalishika. Weber tatu zina midomo 6, kila silinda na wake, na ukikanyaga injini inaitika papo hapo. Lakini kila mdomo una jeti kuu, jeti ya hewa, jeti ya mwendo wa chini na bomba dogo la kuchanganyia, vipande 24 jumla, kabla hujahesabu koo 6 za kupitisha hewa. Hitachi mbili zina sindano 2 na jeti 2.

Chukua Nairobi. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na hewa ni nyepesi karibu kwa moja ya tano kuliko Mombasa. Kabureta iliyosawazishwa pwani ikipanda huko inamwaga petroli iliyozidi hewa: moshi mweusi, plagi zenye masizi. SU nayo hupatwa, isisifiwe kwa lisilo lake. Ila tiba yake ni kuzungusha nati iliyo chini ya kila kabureta. Kwa Weber unaweza kujikuta unabadilisha jeti, nazo lazima uwe nazo mkononi.

Rafiki yangu anayeishi Nairobi ana 240Z ya 1972, na mwaka jana alitaka kuuza Hitachi zake ili apate pesa za Weber. Nilimweleza yote haya. Nilimwambia pia kwamba bila kugusa kemshafti na egzosi, faida ya nguvu ingekuwa ndogo kuliko bei. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza: umewahi kusikia sauti yake? Nilikuwa nimeisikia. Midomo 6 ikivuta hewa kwa pamoja, hoja za jeti na mwinuko hazina pa kukaa.

Ameagiza Weber. Nilichomwomba ni asiuze zile za zamani, hasa kwa kuwa ni za duara, na wako wenye gari la 1973 ambao wamezitafuta kwa miaka. Alikubali baada ya kunung'unika. Ziko kwenye boksi juu ya kabati, zimefungwa kitambaa chenye oili, sindano zikiwa bado ndani.