Ukoo wa Tingatinga na Chama Walichokijenga

Chama cha Ushirika cha wachoraji wa Tingatinga kilisajiliwa mwaka 1990, na makao yake yako Oysterbay, Dar es Salaam, hapo Morogoro Stores. Hiyo ni tarehe ya cheti. Anayetaka kukijua chama chenyewe lazima aje huku Kusini, ashike barabara itokayo Mtwara kupitia Masasi na Mangaka kuelekea Tunduru, mpaka Nakapanya. Zamani palikuwa na kijiji kikiitwa Namochelia. Ndiko alikozaliwa Edward Saidi Tingatinga mwaka 1932.

Baba yake alikuwa Mngindo, Mwislamu. Mama yake, Agnes Ntembo, alikuwa Mmakua na Mkristo. Mtoto akapata majina ya pande zote mbili, na kwa watu wa Kusini hilo halikuwa jambo la kushangaza, maana nyumba zetu nyingi husherehekea Idi na Krismasi kwa sufuria zilezile. Wamakua wako ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma, na kwao, kama kwa Wamakonde na Wayao, ukoo huhesabiwa kwa mama. Mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa wake, na kijana akitaka kuanza maisha, mjomba ndiye anayeulizwa. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa naamini chama hiki kimesimama juu yake kuliko juu ya katiba yoyote.

Enzi hizo Tunduru ilikuwa katika Jimbo la Kusini, lililoanzia Songea likaishia baharini, makao yake yakiwa Lindi na baadaye Mtwara. Serikali ya Mwingereza ililiona jimbo hili kama ghala la vibarua. Mwaka 1947 ulipokuja mpango wa karanga, tulijengewa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Miaka michache baadaye karanga zikashindwa na mpango ukavunjwa. Kilichoendelea mwaka hadi mwaka ni safari ya vijana kwenda kukata mkonge Tanga. Waliitwa manamba. Wangindo, Wamakua, Wamakonde, Wayao, wote walipita njia hiyo, na wengi hawakurudi. Mwaka 1955 Edward Saidi naye akaenda.

Kutoka mashamba ya mkonge alihamia Dar es Salaam, kwa ndugu yake Salum Mussa aliyekuwa mpishi wa Mzungu. Naye akapata kazi ya nyumbani na bustani. Baada ya Uhuru wa 1961 waajiri wa namna hiyo wakaanza kufunga mizigo, na kazi zikaondoka nao. Akaishi kwa vibarua. Alikuwa na umri wa miaka 36 hivi alipoanza kuchora, mwaka 1968. Inasimuliwa kwamba aliziona picha za wachoraji wa Kongo zikiuzwa mjini, akajiambia kwamba na yeye anaweza.

Alianza na vitu vya dukani na vya mafundi ujenzi. Mbao za kawaida hakuziweza bei, turubai ndiyo kabisa. Akachukua hadibodi, zile wanazopigilia darini, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Shiti moja ya futi nane kwa nne ukiikata vizuri hutoa vipande nane vya futi mbili kwa mbili bila kubakiza hata ukanda wa kutupa, na picha zake za mwanzo nyingi ni za mraba wa kipimo hicho. Rangi ya baiskeli nayo ina tabia zake. Inang'aa, haififii upesi, na haichanganyiki kwa urahisi na rangi ya jirani kama ya chini imeshakauka. Ndiyo sababu chui aliowachora wamesimama wazi juu ya uwanja wa rangi moja, mstari umekatwa safi, madoa yamepangwa moja moja. Wapo walioandika kwamba mtindo huu umetoka katika picha ambazo Wamakua na Wamakonde walikuwa wakichora kwenye kuta za nyumba za udongo. Inawezekana kabisa, na ningependa iwe hivyo. Lakini kwa jicho langu naona zaidi fundi aliyeijua rangi yake na kuiheshimu.

Soko lilikuwa chini ya mbuyu, nje ya maduka ya Morogoro Stores, mahali ambapo Wazungu wa Oysterbay walifika kununua mahitaji. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, na Agatha akawa anakaa pale mbuyuni na picha za mumewe, akizipanga na kuziuza. Hapa nataka kusema waziwazi: chama hiki kina waasisi wawili. Mchoraji asiye na mtu wa kumwuzia angekuwa na lundo la hadibodi nyumbani na njaa juu yake. Mara nyingi Agatha hutajwa kama mke, kisha kama mjane, halafu hadithi ikaendelea bila yeye. Hakustahili hivyo. Baadaye hata kampuni ya taifa ya sanaa, iliyokuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), ikawa inanunua picha hizi.

Wateja walipozidi mkono mmoja, Edward hakuweka tangazo la kazi. Aliwaita ndugu. Wakaja Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Casper Tedo, January Linda na Simon Mpata, na Salum Mussa yule yule aliyempokea mjini naye akashika brashi. Wengi wao walikuwa ndugu wa damu au wa ndoa, watu wa Kusini. Mwanafunzi hujifunza kwa kukaa karibu: anaosha brashi, anapaka uwanja wa nyuma, anapewa madoa ya kujaza, na siku moja anaachiwa mnyama mzima. Hakuna ada wala hati. Mpwa anakula kwa mjomba, analala kwa mjomba, na kazi anaipatia hapo hapo.

Hayo yote yalichukua miaka minne tu. Usiku mmoja mwaka 1972 Edward akiwa ndani ya gari, polisi waliwadhania waliomo kuwa wahalifu wanaotoroka, wakafyatua risasi. Alikufa akiwa na miaka 40. Aliacha mjane na watoto wadogo wawili, Martina na Daudi.

Kazi ingeweza kuishia pale. Haikuishia, kwa sababu aliowafundisha hawakuwa waajiriwa wa kutawanyika mwajiri akifa. Walirudi mbuyuni wakaendelea kuchora kwa mtindo wake na kwa jina lake, nao wakaita wapwa na binamu zao. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji ulikuwa ukiifunga njia ya pwani masika yakikaza, na kijana wa Nakapanya aliyefanikiwa kufika Dar es Salaam alihitaji mwenyeji kabla ya kuhitaji kazi. Pale Morogoro Stores alikuta vyote viwili. Kwa hiyo usajili wa 1990 uliwakuta watu ambao tayari walikuwa wakila pamoja na kuzikana. Daudi mwana wa Edward naye amekuwa mchoraji katika chama hicho.

Simon Mpata, ndugu yake Edward, alikwenda Nairobi akafia huko mwaka 1984, naye akapata wapenzi wengi Japani; hoteli moja ya Wajapani huko Masai Mara imebeba jina lake. Mwaka 2010 BBC ilianza kuonyesha katuni za watoto za Tinga Tinga Tales, zilizotengenezwa Nairobi kwa mtindo huu huu. Sifa hizo zimeleta pia wizi: picha za bandia zenye sahihi ya E. S. Tingatinga zinazunguka dunia, na mtu aliyefanya kazi miaka minne anasingiziwa kazi za maisha matatu.

Wako wanaoibeza sanaa hii kwa kuwa imechorwa kwa ajili ya watalii. Siwaungi mkono. Chungu cha mfinyanzi kimefinyangwa kwa ajili ya mnunuzi, na hakuna anayekibeza. Mgeni alitaka simba, akauziwa simba, lakini wachoraji walewale wamechora pia hospitali za vijijini, waganga, mashetani, harusi na mazishi, na humo mna Kusini tunayoifahamu.

Kazi za mwanzo za Edward ziko mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya na Japani. Mtoto wa shule wa Masasi au wa Mtwara mjini akitaka kuziona, anaziona kwenye simu. Bandari yetu inasafirisha korosho kila msimu. Ipokee na hadibodi chache za futi mbili kwa mbili zikirudi, ziwekwe mahali ambapo mtoto huyo anaweza kwenda kwa miguu.