Picha ya Sura Isiyo na Uso

Malick Sidibé, mpigapicha mashuhuri wa Bamako nchini Mali, aliacha mfululizo mzima wa picha za watu waliompa mgongo. Shingo, mabega na nguo vinaonekana. Uso, hata chembe. Wataalamu wa sanaa wanaziita potreti bila kusita. Mfasiri wa Kiswahili ndiye anayebaki akijikuna kichwa, kwani tafsiri iliyozoeleka ya neno hilo ni "picha ya sura".

Wapo wanaoona heri kulitohoa tu neno lenyewe, yaishe. Lakini "potreti" imeingia mitaani kwa mlango wa simu, na humo maana yake imekonda: ni kile kitufe cha kufifisha mandhari ya nyuma. "Picha ya mtu" nayo ni pana mno. Hata mpita njia aliyenaswa na kamera ya gazeti ni mtu. "Taswira" walishaichukua walimu wa fasihi.

Kwa kweli tatizo liko kwenye kudhani kuwa sura ni uso. Uso una mipaka yake, kuanzia kipaji hadi kidevu. Sura ni jinsi kitu kinavyoonekana kwa jumla, ndiyo maana mji hubadilika sura na mgogoro huchukua sura mpya. Katika Kiarabu, neno lilikotoka, sura ni picha yenyewe. Kwa kipimo hicho picha ya pasipoti ni picha ya uso: mtu atazame mbele, asicheke, nyuma pawe peupe. Potreti ni picha ya sura, na sura hutengenezwa.

Mpigapicha Seydou Keïta alilijua hilo vizuri. Alifungua studio yake Bamako mwaka 1948, na pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka la kitandani kwake. Kila baada ya miaka michache alibadilisha pazia, hata baadaye likamsaidia kukumbuka picha ilipigwa lini. Wateja walikuta suti, tai, saa, kalamu na redio za kuazima. Wengine walipigwa picha na pikipiki ya Vespa. Keïta alitumia mwanga wa jua, akampanga mteja mwenyewe, na mara nyingi alipiga picha moja tu kwa kila mteja. Maua ya pazia yakigongana na maua ya gauni, mpaka kati ya mtu na mandhari hupotea. Kitufe cha simu kingeifuta nusu ya kazi yake!

Pwani yetu nayo ilikuwa na mafundi wa namna hiyo. Kisiwani Lamu, Omar Said Bakor wa Bakor Studio aliunganisha picha mbalimbali kuwa moja, sura ya mteja ikajitokeza mahali ambapo mwenyewe hajawahi kuketi.

Wanapofasiri habari za kazi za wapigapicha kama hawa, watu hutumia "mkao" na "pozi" kana kwamba ni pacha. Si pacha. Mkao ni namna mwili ulivyowekwa, na anayeuweka anaweza kuwa mpigapicha, kama alivyofanya Keïta. Pozi lina nia ya kuonekana, na hulifanya mwenyewe. Ndiyo maana mwenye maringo husemwa ana mapozi hata pasipo na kamera.

Samuel Fosso ni bingwa wa pozi. Alifungua studio mjini Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mikanda ya wateja ilipobakiza nafasi chache, alijipiga picha mwenyewe akiwa amevaa kisasa, na baadhi ya picha alimtumia bibi yake Nigeria. Mwaka 2008, katika mfululizo wa African Spirits, alijigeuza Patrice Lumumba, Angela Davis, Muhammad Ali na wengine. Uso ni uleule wa Fosso. Sura ni za watu wengine kabisa.