Mwanga wa dhahabu Ziwa Babati: Dakika 25 za picha, na kiboko naye yupo

Mkazi wa Mogitu, wilayani Hanang, anayetamani kupiga picha akiwa majini halazimiki kufunga safari hadi Zanzibar kutafuta jahazi. Barabara kuu ya Singida–Babati inamfikisha Babati mjini, ambako ziwa la maji baridi liko jirani kabisa na mji na mitumbwi ya wavuvi ipo.

Kwa nini dhahabu?
Jua likiwa chini, mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi. Bluu hutawanyika njiani, njano na nyekundu ndizo zinazofika. Maji nayo huzirudisha, ndiyo maana picha ya ziwani hupendeza mara mbili.

Muda ni mfupi
Karibu na Ikweta jua huzama karibu wima. Kutoka nyuzi 6 juu ya upeo wa macho hadi lipotee ni kama dakika 25 tu. Uingereza hufika 40 au zaidi. Manyara jua huzama kati ya saa 12:20 na saa 1:00 jioni, kulingana na mwezi, hivyo anayefika ufukweni saa 12 kamili na kuanza kutafuta mtumbwi ameshachelewa.

Kiboko naye ana ratiba
Ziwa hili lina viboko. Mchana hushinda majini, jioni hutoka kwenda kula majani, yaani saa ileile ya mwanga mzuri. Alfajiri hurudi. Kiboko anaweza kupindua mtumbwi, kwa hiyo:

- Chukua mpiga kasia mwenyeji anayejua walipo.
- Vaa jaketi la kuokolea.
- Usisogee kwa ajili ya picha. Kuza kwa kamera.
- Rudi nchi kavu kabla jua halijagusa upeo. Picha za mwisho zipigwe ufukweni, mbali na njia zao.

Kwa wenye simu
Mtumbwi hauachi kuyumba. Kaa chini, bana viwiko mbavuni, piga picha mfululizo. Gusa sehemu angavu ya skrini ili anga isiungue. Wenye kamera waanzie spidi ya 1/500 ya sekunde. Simu ifungwe kamba shingoni.

Asiye na nauli ya Babati asihuzunike. Mlima Hanang, mita 3,417, hupata mwanga huohuo kila jioni yenye anga safi, na hauhitaji kasia.