Tezo ya Changamwe na maungo ya wanyama

Shingo ya twiga ina mifupa 7 tu, sawa na ya binadamu. Mchongaji wa Changamwe, Mombasa, hana haja ya kuihesabu. Anachojua ni kwamba shingo hiyo sharti ifuate nyuzi za mti, la sivyo itakatika kabla ya kupata mnunuzi.

Ujuzi huo ulizunguka sana kabla ya kufika Mombasa. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na, kwa masimulizi yaliyozoeleka, akajifunza uchongaji kwa Wazaramo. Aliporudi alifundisha jamaa zake, nao wakafundisha wenzao, na baadhi wakawafuata watalii pwani. Mwaka 1963 chama cha ushirika cha Akamba Handicraft kikaanzishwa Changamwe.

Watalii walitaka wanyama. Mara nyingi mwanagenzi huanza na msasa, na hiyo si kazi ya kumchosha bure: akisugua ubavu wa kifaru kutwa nzima, vidole vyake hujua bega linakoishia hata kabla hajakabidhiwa tezo. Mchoraji akikosea goti hufuta. Mchongaji akishalikata hana pa kulirudisha, labda amgeuze tembo awe kiboko.

Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tabora aliyefundisha sanaa Makerere, alipita njia nyingine. Alichunguza mizoga, akachora mifupa na misuli kwa ajili ya vitabu vyake vya mamalia wa Afrika Mashariki, vilivyotoka kati ya 1971 na 1982. Ukimtazama mnyama kwa mifupa yake, utagundua kwamba lile tuliitalo goti la mguu wa mbele wa twiga kwa kweli ni kifundo cha mkono.

Hapo ndipo Changamwe inapopungukiwa. Si kwamba wachongaji hawabadiliki: mti wa muhugu ulipoadimika, walihimizwa kutumia mwarobaini, na wengi waliuzoea. Lakini simba ni yuleyule, nakala ya nakala, na kosa la babu hurithiwa na mjukuu. Twiga wa kweli wako Haller Park, Bamburi, ng'ambo ya kisiwa tu.

Walimu wa sanaa wa Likoni na Kisauni wanaowapeleka wanafunzi Bamburi wawapitishe Changamwe pia, penseli mkononi. Na chama nacho kiwapeleke vijana wake Bamburi.